Ukiongeza Kuni, Moshi Usirudi Jikoni

Na mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji



Leo tutazungumza juu ya moshi wa jiko la kuni. Tutazungumza hasa juu ya ule moshi unaotoka ghafla mpishi anapoongeza kuni. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Jikoni hakukuwa na moshi mwingi. Mara mpishi anaingiza ukuni mpya, na moshi unajaa chumba kizima. Macho yanatoka machozi. Mtoto aliye mgongoni anaanza kukohoa.

Watu wengi huona jambo hili ni la kawaida. Husema, jiko la kuni ndivyo lilivyo. Lakini sivyo. Moshi huo una sababu zake. Ukizijua sababu hizo, unaweza kuupunguza sana. Huhitaji fedha nyingi. Unahitaji kuni kavu, jiko safi, na mkono unaojua kulisha moto.

MOSHI NI NINI?

Weka ukuni mmoja juu ya makaa mekundu, kisha utazame. Mwanzoni ukuni hauwaki. Unatoa moshi mweupe. Baada ya muda mwali unashika, na moshi unapungua.

Kwa nini iwe hivyo? Ukuni ukipata joto hutoa hewa inayoweza kuwaka. Hewa hiyo ikikutana na mwali, nayo inawaka. Huo ndio moto mkali unaochemsha sufuria. Lakini ikiwa hakuna mwali, hewa hiyo hutoka bila kuungua. Tunaiona kama moshi.

Kwa hiyo moshi ni ukuni ambao haujaungua. Moshi ukijaa jikoni, hasara ni mbili. Mapafu yanaumia. Na kuni ulizotembea mbali kuzitafuta zinapotea bila kupika chochote.

KWA NINI TUUOGOPE?

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana. Hatuwezi kuziona moja moja kwa macho. Tunapovuta pumzi, chembe hizo hupita puani na kooni, zikaingia ndani kabisa ya mapafu. Huko huleta uvimbe, na mapafu hushindwa kupigana vizuri na vijidudu vya magonjwa.

Mtoto mdogo huumia zaidi. Mapafu yake bado yanakua. Tena yeye hupumua haraka kuliko mtu mzima. Akikaa mgongoni kwa mama yake jikoni, huvuta moshi ule ule anaovuta mama. Watoto wanaovuta moshi mwingi hupata kichomi, yaani nimonia, kwa urahisi zaidi. Nimonia ni ugonjwa unaoua watoto wengi walio chini ya miaka 5.

Watu wazima nao hawakusalimika. Mtu anayepika kwenye moshi kwa miaka mingi anaweza kupata kikohozi kisichokwisha na kubanwa na pumzi. Anaweza kupata ugonjwa wa moyo, kiharusi, au saratani ya mapafu. Macho yake yanaweza kuota mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayevuta moshi mwingi anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndugu wasomaji, hilo si jambo dogo. Ni sawa na kusema kwamba moshi ni adui aliyekaa ndani ya nyumba, na sisi tumemzoea.

KWA NINI MOSHI HURUDI NDANI?

Kwanza tujifunze jinsi dohani inavyofanya kazi. Dohani ni ile njia ya kutolea moshi nje. Huweza kuwa ya matofali, ya udongo au ya bati.

Hewa yenye joto ni nyepesi. Kwa hiyo hupanda juu. Hewa ya moto ikipanda ndani ya dohani, huvuta hewa nyingine nyuma yake. Hewa hiyo huingia kwa mdomo wa jiko, hupita kwenye kuni, kisha nayo hupanda. Hapo tunasema dohani inavuta. Dohani inapovuta vizuri, moshi hauna sababu ya kurudi jikoni. Unafuata njia.

Moshi hurudi ndani njia hiyo inapokosa nguvu au inapozibwa. Sababu kubwa ni hizi:

1. Moto umezidiwa. Mpishi ameingiza kuni nyingi kwa mara moja. Mwali umezimika. Moshi unaotoka ni mwingi kuliko uwezo wa dohani.

2. Kuni ni mbichi au zimelowa. Moto unatumia joto lake kukausha maji badala ya kuwaka. Dohani nayo inapoa.

3. Mdomo wa jiko umejaa kuni. Hewa haina pa kuingilia.

4. Majivu yamejaa chini ya moto. Makaa hayapati hewa.

5. Dohani imejaa masizi. Njia imekuwa nyembamba.

6. Tundu la pili la sufuria liko wazi. Moshi unatokea hapo kabla ya kufika kwenye dohani.

7. Dohani bado ni ya baridi. Hii hutokea hasa asubuhi wakati wa kuwasha.

8. Dohani ni fupi. Upepo unaopita juu ya paa unausukuma moshi kurudi chini.

9. Mlango na dirisha vimefungwa kabisa. Dohani haiwezi kuvuta hewa isiyokuwapo.

BIBI NA JIKO LAKE

Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake zahanati. Mtoto alikuwa na miezi 9, naye alikuwa na kikohozi. Nilimwamkia bibi, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Nikampima mtoto na kuhesabu pumzi zake. Hakuwa na dalili za nimonia. Kisha nikamwuliza bibi mtoto hushinda wapi.

Bibi akasema, "Hushinda nami jikoni, mama yake akienda shamba. Na jiko letu ni la kisasa, lina dohani. Lakini kila nikichochea, moshi unanirudia usoni. Afadhali mafiga yangu ya zamani."

Jioni nilikwenda kuliona jiko lile. Lilikuwa la udongo, lenye matundu mawili ya sufuria na dohani ya matofali. Fundi alilijenga vizuri. Tatizo halikuwa fundi.

Tulitazama pamoja. Majivu ya siku nyingi yalikuwa yamejaa ndani. Kuni zilikuwa nne, nene kama mguu wa mtoto, zimelowa mvua ya asubuhi. Zote zilikuwa zimesukumwa ndani kwa pamoja, mpaka mdomo wa jiko ukaziba. Sufuria ya mboga ilikuwa imeepuliwa, na tundu lake liko wazi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye tundu hilo kama vile ndiyo dohani yenyewe.

Tulingoja jiko likapoa. Tukatoa majivu debe zima. Tukasugua dohani, na masizi yakaanguka tele. Kisha tukafunika tundu la pili. Baadaye nikawasha kitita kidogo cha nyasi kavu na kukishika mbele ya mdomo wa jiko. Moshi wa nyasi ukaingia ndani ya jiko kama maji yanayoingia mferejini. Bibi akauona kwa macho yake.

Ndipo tukawasha moto kwa vijiti vikavu. Bibi akaongeza ukuni mmoja mwembamba, kisha mwingine. Moshi haukurudi. Bibi akacheka, akasema, "Kumbe jiko nalo ni kama mtoto. Hulishwa tonge kwa tonge."

Maneno ya bibi ni ya kweli. Mtoto akisukumiwa chakula kingi kinywani kwa mara moja, atakitema. Jiko nalo hutema moshi.

JINSI YA KUONGEZA KUNI

Sasa tujifunze hatua kwa hatua. Msomaji, soma hatua moja, kisha ukaijaribu.

Hatua ya 1. Andaa kuni kabla ya kuanza kupika. Pasua kuni nene ziwe nyembamba. Zisizidi unene wa kifundo cha mkono wako. Weka karibu na vijiti vyembamba vya unene wa kidole. Usianze kutafuta kuni wakati moto unakufa.

Hatua ya 2. Mwondoe mtoto mgongoni. Mpe dada yake au babu yake amkalishe nje. Funga khanga yako vizuri ili ncha zake zisifike kwenye moto.

Hatua ya 3. Ongeza kuni mapema. Usingoje moto uishe. Wakati mzuri ni pale makaa yanapokuwa mekundu na mwali mdogo ungali unawaka. Mwali huo ndio utakaouchoma moshi wa ukuni mpya.

Hatua ya 4. Ikiwa jiko lako lina kibati cha kufungia dohani, kifungue chote. Ikiwa jiko lina mlango, ufungue kidogo kwanza. Hesabu polepole mpaka 20. Kisha ufungue wote taratibu. Ukiufungua ghafla, unauvuta moshi kuja kwako.

Hatua ya 5. Kusanya makaa yawe pamoja. Makaa yaliyotawanyika hupoa. Yaliyokaa pamoja hutunza joto.

Hatua ya 6. Weka kijiti chembamba kikavu kwanza. Kingoje kishike moto. Kisha weka ukuni mmoja, au kuni mbili tu. Ziweke kando ya mwali au juu ya makaa mekundu. Usizilaze juu ya mwali wote ukauzima.

Hatua ya 7. Acha nafasi ya hewa. Kuni zisijaze mdomo wa jiko. Zikae sehemu ya chini, na juu yake paonekane wazi. Katikati ya ukuni na ukuni ipite hewa.

Hatua ya 8. Ukuni mrefu usukume kidogo kidogo kadiri ncha yake inavyoungua. Usiusukume wote kwa mara moja.

Hatua ya 9. Wakati wa kuongeza kuni, usiepue sufuria. Kila tundu liwe na sufuria au mfuniko. Ukimaliza, na moto ukishika vizuri, unaweza kurudisha kibati cha dohani mahali pake. Lakini usikifunge kabisa moto ukiwa bado unawaka.

Je, moshi ukitoka hata hivyo? Usiongeze kuni nyingine. Hilo ndilo kosa linalofanywa na wengi. Vuta nje ukuni mmoja unaotoa moshi, uupeleke nje na kuuchomeka mchangani. Weka vijiti viwili vikavu juu ya makaa. Pepea taratibu chini ya moto kwa kipepeo. Mwali ukirudi, moshi utapungua.

KUNI KAVU NDIYO DAWA YA KWANZA

Hata jiko zuri namna gani litatoa moshi likipewa kuni mbichi. Utazitambuaje kuni kavu? Gonga kuni mbili pamoja. Kuni kavu hulia kwa sauti kali. Kuni mbichi hutoa sauti nzito iliyozibwa. Kuni kavu ni nyepesi. Ncha zake zina nyufa, na magamba yake hubanduka. Kuni mbichi zikiwekwa motoni hutoa povu na maji kwenye ncha, na hulia kama zinanong'ona.

Kuni zikipasuliwa hukauka upesi zaidi kuliko gogo zima. Zipange juu ya mawe au uchaga, zisiguse ardhi. Ziezekee juu ili mvua isizinyeshee, lakini pembeni acha wazi upepo upite. Kuni nene huhitaji miezi 6 au zaidi. Kwa hiyo kuni za masika huandaliwa wakati wa kiangazi, kama vile tunavyoweka akiba ya chakula.

Unaweza kuweka kuni za kesho karibu na jiko zipate joto. Lakini usiziegemeze kwenye jiko lenye moto ukaenda kulala. Zinaweza kushika moto na kuunguza nyumba.

Hapa nawaambia akina baba. Kazi hii si ya mama peke yake. Shoka liko nyumbani. Baba akipasua kuni za wiki moja kwa siku moja, amewakinga watoto wake na moshi wa wiki nzima.

TUNZA JIKO NA DOHANI

Toa majivu kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Hakikisha yamepoa. Majivu yenye makaa yakimwagwa ovyo karibu na nyasi huleta moto.

Safisha dohani angalau mara moja kwa mwezi. Ukitumia kuni mbichi, isafishe mara nyingi zaidi, maana hizo huacha masizi yenye kunata kama lami. Masizi hayo yakiwa mengi huweza kuwaka moto ndani ya dohani. Funga kitita cha majani magumu au katani kwenye fito ndefu. Jiko likiwa limepoa kabisa, pitisha kitita hicho juu na chini. Funika pua na mdomo kwa kitambaa. Masizi yaliyoanguka yatoe yote.

Asubuhi dohani inapokuwa ya baridi, ipashe joto kwanza. Washa nyasi kavu chache au vijiti vyembamba karibu na mahali dohani inapoanzia. Ukisikia inavuta, ndipo ulishe moto.

Ncha ya dohani iwe juu kuliko kilele cha paa, kwa sentimita 60 hivi. Ikiwa fupi, upepo utaurudisha moshi. Weka kikofia cha bati juu yake kuzuia mvua, lakini uache nafasi moshi upite. Nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ihitaji uangalifu mkubwa. Bomba la bati lisiguse nyasi hata kidogo. Ni afadhali dohani ya matofali ipite nje ya ukuta, mbali na paa. Tafuta fundi anayeijua kazi hiyo.

Jiko la udongo likipata ufa, moshi hupita hapo. Ziba ufa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, na uache ukauke.

Unapopika, fungua dirisha au mlango. Lakini jihadhari na upepo mkali unaopiga moja kwa moja kwenye mdomo wa jiko. Huo nao huutoa moshi nje.

NA SISI TUNAOPIKA KWENYE MAFIGA?

Wengi wetu bado tunatumia mafiga matatu. Hayana dohani. Lakini sheria za kulisha moto ni zile zile: kuni kavu, nyembamba, chache, na mwali usizimike. Weka jiwe dogo chini ya kuni, ili ncha ziinuke na hewa ipite chini yake.

Mvua isiponyesha, pika nje au chini ya banda lisilo na kuta. Ikiwa unapika ndani, jiko liwe chumba cha peke yake, si chumba cha kulala. Chumba hicho kiwe na matundu mawili yanayoelekeana, na uwazi kati ya ukuta na paa ili moshi upande na kutoka.

Unaweza pia kupunguza muda wa moto. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva upesi. Funika sufuria unapopika. Kila robo saa unayopunguza jikoni ni robo saa ya hewa safi.

Ukimaliza kupika, usiziache kuni zikifuka ndani. Zitoe, uzichomeke ncha zake kwenye majivu au mchanga nje ya nyumba. Usizimwagie maji, maana kesho zitatoa moshi.

MAMBO TUSIYOFANYA

Tusichome plastiki, malapa, mipira au mbao zenye rangi jikoni. Moshi wake una sumu kali.

Tusimwage mafuta ya taa wala petroli kwenye moto uliofifia. Moto hurukia mkono na uso.

Tusilale na jiko la mkaa au moto unaofuka katika chumba kilichofungwa. Moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulegea, kisha huweza kufa akiwa usingizini. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje upesi apate hewa safi, kisha mkimbizeni kituo cha afya.

MTOTO AKIKOHOA, TAZAMA PUMZI ZAKE

Kikohozi cha mafua huisha chenyewe mara nyingi. Lakini nimonia haingoji. Kila mzazi ajue kuhesabu pumzi. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Tazama kifua au tumbo lake. Hesabu kila linapopanda, kwa dakika moja kamili ya saa au ya simu.

Pumzi ni za haraka zikifika idadi hii kwa dakika moja:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyefika miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za haraka apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe mara moja. Vile vile ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hata kama ni usiku, msingoje kuche.

JIKO BORA NI MWANZO TU

Lazima tuseme ukweli. Dohani hupunguza moshi, lakini haiumalizi. Nchini Guatemala, huko Amerika ya Kati, wataalamu walilinganisha nyumba zenye moto wa wazi na nyumba zilizopewa jiko lenye dohani. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011. Moshi waliouvuta watoto wa nyumba zenye dohani ulipungua kwa kiasi cha nusu. Nusu ni faida kubwa. Lakini nusu iliyobaki bado ni moshi.

Ndiyo maana mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, kama gesi na umeme. Mwenye uwezo wa kuanza na aanze. Ambaye bado anatumia kuni, asikae akingoja huku mtoto wake anavuta moshi. Alitengeneze jiko lake leo.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Na sisi tunaweza kufanya hivyo kwa majiko. Nyumba kumi zikikutana, leo wakasafisha dohani ya huyu, kesho wakaziba nyufa za jiko la yule, kazi itakwisha upesi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Moshi ni nini? Kwa nini tunasema ni ukuni ambao haujaungua?
2. Taja sababu nne zinazofanya moshi urudi jikoni.
3. Nani anapasua kuni nyumbani kwako? Nani angeweza kumsaidia?
4. Mtoto wa miezi 8 anakohoa, na pumzi zake ni 54 kwa dakika. Utafanya nini?
5. Kikundi chenu kitakagua jiko la nani kwanza wiki hii?

Ndugu wasomaji, someni makala haya kwa sauti, na yule asiyejua kusoma naye asikie. Kisha nendeni jikoni mkatazame. Kumbukeni maneno haya:

KUNI KAVU. KIDOGO KIDOGO. MWALI USIZIMIKE.